Jinsi ya Kuandaa Kipindi cha Redio cha Kumuaga Mwanamichezo Aliyefariki

Mwanamichezo mkongwe akifariki, watangazaji wachanga huuliza maswali yale yale. Nianze na wimbo gani? Nimpigie mjane? Nitajazaje saa nzima ilhali alistaafu kabla sijazaliwa? Halafu lile la mwisho, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: habari zake za pombe nizifanyeje? Majibu nimeyaweka hapa pamoja, kwa ajili ya mtangazaji wa redio ya jamii au kituo kidogo, yule ambaye ndiye mtayarishaji, ndiye fundi mitambo, na siku nyingine ndiye anayefungua geti.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote. Msikilizaji hakufungua redio aambiwe kwamba marehemu alikuwa "mtu wa watu". Hilo atalisikia matangani mpaka achoke. Anachotaka ni kumwona tena uwanjani: alivyokimbia, alivyopiga chenga, alivyovaa soksi, alivyowatesa mabeki. Kipindi kizuri kinamrudisha marehemu mchezoni, na hatua zote hapa chini zinaelekea huko.

Nitatumia sana mfano wa Henry Rono, mwanariadha wa Kenya aliyefariki Nairobi Februari 15, 2024, kwa sababu maisha yake yana kila kitu kinachomtatiza mtangazaji: rekodi nyingi, tarehe nyingi, siasa, na ulevi. Pia nitamtaja Joe Kadenge, mwanasoka wa Kenya ambaye bila redio hadithi yake haikamiliki.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari moja kwa ajili ya marehemu huyu tu. Usichanganye na habari za ligi.
- Simu mbili, au simu ya laini mbili: moja ya kupiga, nyingine ya kupokea ujumbe wa sauti.
- Programu ya kukatia sauti. Audacity ni ya bure na inatosha kabisa.
- Kinasa sauti, au simu yenye nafasi ya kutosha. Chaji kabla ya kutoka, maana kwenye matanga soketi zote zimeshikwa na watu wa vipaza sauti.
- Orodha ya namba za makocha, waamuzi wastaafu, makatibu wa klabu na waandishi wakongwe wa michezo. Kama huna, anza kuikusanya leo wakati hakuna aliyefariki.
- Ruhusa ya mkuu wa vipindi ya kuondoa baadhi ya matangazo ya biashara. Iombe mapema. Sababu utaiona kwenye hatua ya 9.

Hatua

1. Thibitisha kifo kwa watu wawili wasiotegemeana.

Picha ya mshumaa kwenye WhatsApp si uthibitisho. Wanamichezo wastaafu huuawa mitandaoni wakiwa nyumbani kwao wanakunywa chai. Mtu wa kwanza awe wa familia, au aliyeteuliwa kuisemea. Wa pili awe wa klabu, shirikisho au hospitali. Katibu wa klabu akikwambia "na mimi nimeona kwenye grupu", huyo hajathibitisha kitu, kasoma ulichosoma wewe.

Ukipiga, anza na pole, na uliza kwa namna inayompa mtu nafasi ya kukanusha: "Mzee, tumepata habari za kutushtua kuhusu ndugu yetu. Je, ni kweli?" Usianze na "Poleni kwa msiba" kabla hujajua kama msiba upo.

Chanzo cha kifo usikitaje mpaka familia ikitaje. "Inasemekana aliugua" pia usiseme. Familia isiposema, nawe usiseme.

2. Toa taarifa fupi, kisha urudi kwenye ratiba.

Jina kamili, jina la uwanjani, mchezo wake, jambo moja kubwa alilofanya, siku aliyofariki, nani amethibitisha. Sekunde arobaini zinatosha. Mwambie msikilizaji kipindi maalum kitakuja lini, halafu endelea na kazi. Mtangazaji anayejaribu kuendesha kipindi cha saa nzima dakika kumi baada ya kupata habari huishia kurudia "pengo lisilozibika" mpaka neno lenyewe linachoka.

3. Uliza mazishi ni lini, maana hayo ndiyo yatakupangia muda.

Marehemu akiwa Mwislamu, huenda atazikwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Basi kipindi chako ni cha jioni hii, na utafanya kazi kwa simu tu. Akiwa Mkristo wa Magharibi mwa Kenya au Bonde la Ufa, mara nyingi una wiki moja au mbili: kuna kamati ya mazishi, kuna mikutano, kuna ibada ya wafu. Hapo una nafasi ya kusafiri na kurekodi vizuri. Usikimbilie kutoa kila kitu siku ya kwanza, ukafika siku ya maziko huna jipya.

Tazama pia nani mwingine amefariki. Rono aliondoka siku 4 tu baada ya Kelvin Kiptum, mwenye rekodi ya dunia ya marathoni, kufa katika ajali ya gari pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana. Nchi nzima ilikuwa inamlilia kijana wa miaka 24, na mzee wa miaka 72 akapita karibu kimyakimya. Ikitokea hivyo, mpe mkongwe siku yake. Usimbandike kama aya ya mwisho kwenye kipindi cha mwingine.

4. Andika karatasi ya ukweli.

Ukurasa mmoja, kwa mkono au kompyuta, wenye mambo uliyoyahakiki peke yake. Karatasi ya Rono ingeonekana hivi:

- Alizaliwa Februari 12, 1952, Nandi. Alisoma na kukimbia Washington State University, Marekani.
- Mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000 Berkeley, Aprili 8, kwa 13:08.4, mita 3,000 kuruka viunzi na maji Seattle, Mei 13, kwa 8:05.4, mita 10,000 Vienna, Juni 11, kwa 27:22.4, mita 3,000 Oslo, Juni 27, kwa 7:32.1.
- Mwaka huo huo: dhahabu mbili Michezo ya Afrika, Algiers, na dhahabu mbili Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edmonton.
- Mwaka 1981 aliivunja tena rekodi yake ya mita 5,000, huko Knarvik, Norway: 13:06.20.
- Rekodi yake ya viunzi na maji ilidumu hadi 1989, ilipovunjwa na Mkenya mwenzake Peter Koech.
- Olimpiki hakuwahi kukimbia. Kenya ilisusia Montreal 1976 na Moscow 1980.

Ona mstari wa mwisho. Bila huo, mtangazaji mchanga atasema "bingwa wa Olimpiki Henry Rono" kwa mazoea tu, kwani Mkenya mashuhuri wa mbio lazima awe na medali ya Olimpiki. Kisha mzee mmoja atapiga simu kutoka Kapsabet, huko kwao Nandi, na kukusahihisha mbele ya wasikilizaji wote, na ana haki.

Makosa ya aina hii yana mahali pake pa kujificha. Neno "wa kwanza" ni mojawapo. Medali ya kwanza ya Kenya kwenye Olimpiki ni shaba ya Wilson Kiprugut, mita 800, Tokyo 1964. Dhahabu ya kwanza ni ya Naftali Temu, mita 10,000, Mexico 1968. Kipchoge Keino alishinda dhahabu yake ya mita 1,500 siku chache baada ya Temu, lakini nusu ya redio humpa yeye sifa ya kuwa wa kwanza. Na siku hizi limezuka la kuchanganya Kipchoge Keino na Eliud Kipchoge, ambao wametenganishwa na kizazi kizima. Ukiona "wa kwanza", "wa pekee" au "hajawahi kutokea" kwenye andiko lako, simama hapo uhakiki upya.

Umri nao ni mtego. Wanamichezo wengi wa zamani wana miaka miwili au mitatu tofauti ya kuzaliwa, kutegemea nani aliandika. Familia ikikupa mwaka, tumia wa familia. Ikishindikana, sema "mzaliwa wa miaka ya arobaini" na hakuna atakayekulaumu.

5. Tafuta sauti yenyewe.

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Unatafuta aina tatu za sauti: marehemu mwenyewe akizungumza, matangazo ya mechi au mbio zake, na mazingira ya mahali alipotoka.

Sauti za miaka ya sitini na sabini ni adimu. Vituo vingi vilitumia tepu upya, na za mechi ya Jumapili zikafutwa kwa hotuba ya Jumatatu. Kwa Kenya, gonga kwanza mlango wa KBC, shirika la utangazaji la taifa, mrithi wa Sauti ya Kenya. Kwa Tanzania, ni TBC, shirika la utangazaji la huko, inayotunza tepu za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Peleka barua rasmi ya kituo, taja mwaka na mashindano, na usiombe "chochote mlicho nacho" kwa kuwa mtunza maktaba hawezi kukitafuta. Baada ya hapo uliza watu: waandishi wastaafu, mashabiki wenye kaseti sebuleni, watoto wa marehemu. Mara nyingi mahojiano mazuri kuliko yote yamo kwenye simu ya mjukuu.

Msukumo wa sauti ya zamani usiudharau. Joe Kadenge alicheza miaka ambayo Wakenya wengi hawakuwa na runinga. Waliomwona kwa macho ni wale waliofika uwanjani. Waliobaki walimwona kupitia mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, na maneno yake "Kadenge na mpira" yakatoka redioni yakawa msemo wa mitaani. Kadenge alipofariki Julai 7, 2019, akiwa na miaka 84, kuna watu wazima waliomlilia ambao hawakuwahi kumwona akigusa mpira. Walikuwa wamemsikia. Mbotela naye alipofariki Februari 7, 2025, maneno hayo matatu yalirudi tena vinywani. Ukipata sekunde kumi za sauti kama hiyo, hizo ndizo uti wa kipindi. Zicheze zikiwa safi, bila muziki chini yake, na usiongee juu yake.

Usipoipata, usiigize. Nimesikia studio ambako kijana aliigiza utangazaji wa zamani, wakaweka na mkwaruzo wa santuri ili ifanane na tepu. Msikilizaji akigundua, hataamini tena sauti yoyote unayomletea.

6. Chagua mashahidi watatu au wanne, na kila mmoja awe na kazi yake.

Anayehitajika kwanza ni aliyecheza dhidi yake. Mpinzani husema ukweli kuliko rafiki: beki aliyepitwa atakueleza alipitwa vipi, upande gani, na alifanya nini mechi iliyofuata. Wa pili ni aliyefanya naye mazoezi au kuishi naye kambini. Wa tatu ni mtu wa familia. Wa nne, kama yupo, ni kijana aliyefundishwa naye.

Waziri, mbunge na mwenyekiti wa shirikisho watakupigia wenyewe. Salamu zao za rambirambi zisome kwa sentensi moja moja. Ukiwapa kipaza sauti watatangaza uwanja utakaopewa jina la marehemu.

Kuhusu mjane: usimpigie moja kwa moja. Pitia kwa msemaji wa familia, kaka wa marehemu au mwenyekiti wa kamati, na ukubali jibu lolote. Mjane Mwislamu atakuwa eda, miezi 4 na siku 10, na familia nyingi hazitaki sauti yake hewani katika kipindi hicho. Mtoto mkubwa au mpwa atakueleza mengi. Na mjane akitaka mwenyewe kuzungumza, mrekodi. Usimweke mubashara.

7. Rekodi, na uulize maswali yanayozaa picha.

"Unajisikiaje?" lifute kabisa. "Utamkumbuka kwa lipi?" nalo huzaa jibu moja: alikuwa mkarimu, alipenda watu. Jaribu haya:

- Mara ya kwanza kumwona akicheza, ulikuwa umesimama wapi?
- Dakika kumi kabla ya mechi alikuwa akifanya nini?
- Akishindwa, safari ya kurudi alikuwaje ndani ya gari?
- Kulikuwa na kitu gani alichokifanya uwanjani ambacho wewe ulijaribu ukashindwa?
- Alikuwa akikuitaje?

Kisha nyamaza. Wazee huanza na jibu la heshima, hukaa kimya kidogo, halafu ndipo hutoa lile la kweli. Mtangazaji mwenye haraka hulikata hapo katikati.

Kwa walio mbali, mwombe mgeni ajirekodi kwa ujumbe wa sauti kuliko kumrekodi kupitia laini ya simu. Laini ya simu hukata sauti za chini na za juu, mtu akasikika kana kwamba yumo ndani ya debe. Aingie chumba chenye kitanda na mapazia, afunge feni, simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isigonge. Mwambie ajibu kwa sentensi kamili, maana swali lako halitasikika.

Ukienda matangani, rekodi pia dakika mbili za mahali penyewe bila mtu kuzungumza karibu: kwaya ya mbali, kuku, vyombo jikoni, jenereta kama lipo. Utazihitaji kuunganishia vipande. Omba ruhusa kabla ya kutoa kinasa sauti. Mbele ya wazee kishike mkononi kionekane, usikifiche mfukoni.

8. Chagua tukio moja ukae nalo.

Saa moja haitoshi kwa maisha yote, na ukijaribu utapata orodha ya miaka. Chagua mbio moja au mechi moja, uipe dakika kumi hadi kumi na mbili kamili. Kwa Rono, mimi ningechukua Seattle, Mei 13, 1978. Kuna vizuizi 28 vya kuruka na mashimo 7 ya maji katika mbio hizo, na rekodi aliyoiweka siku ile ilikaa miaka 11. Mweleze msikilizaji mguu unavyokanyaga ubao, maji yanavyoingia kiatuni, na kwa nini kasi hupotea pale. Mweke hapo shahidi aliyewahi kukimbia viunzi akueleze ugumu wake. Rekodi nyingine tatu zitajwe kwa sentensi.

Au tuvuke mpaka: kama ungekuwa unamuaga John Akii-Bua wa Uganda, aliyefariki mwaka 1997, tukio linajichagua lenyewe. Fainali ya mita 400 kuruka viunzi, Munich 1972, njia ya kwanza ya ndani ambako kona ni kali kuliko zote, na bado akamaliza kwa 47.82, binadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48. Hiyo "njia ya kwanza" ina thamani kuliko sifa ishirini.

9. Panga saa, na usafishe kila kitu kinachogongana na msiba.

Mpangilio ninaoupenda kwa dakika 60:

- 0–3: sauti ya zamani kwanza, kisha utangulizi wako. Jingo ya kituo, ule wimbo mfupi wa kukitambulisha, isubiri.
- 3–12: alikotoka, hadi siku alipojulikana. Shahidi wa familia.
- 12–15: matangazo.
- 15–27: lile tukio moja. Mpinzani wake hapa.
- 27–30: wimbo, au kimya chenye sauti za mazingira.
- 30–42: maisha baada ya kustaafu, pamoja na magumu yake.
- 42–45: matangazo.
- 45–55: simu na ujumbe wa wasikilizaji.
- 55–60: ratiba ya mazishi, kisha sauti ya marehemu mwenyewe.

Sasa pitia matangazo moja moja. Ya kamari na bia yaondoke. Redio za michezo zinaishi kwa kamari, najua, ndiyo maana nilisema ruhusa uiombe mapema. Fikiria kipindi cha Rono, mtu aliyepambana na pombe miaka mingi, kikikatwa katikati na kelele za chupa kufunguliwa. Ondoa pia jingo za "goooli!", vicheko vya kurekodiwa na ving'ora.

Muziki uulize familia. Baadhi ya familia za Kiislamu hazitaki ala yoyote. Kaswida bila ala inaweza kukubalika, na kimya kinakubalika daima. Familia ya Kikristo huenda ikakutajia wimbo alioupenda kanisani. Na kama alikuwa mtu wa rumba, cheza rumba. Hakuna sheria kwamba msiba lazima uwe na piano.

10. Andika utangulizi kwa ajili ya sikio.

Sentensi fupi. Jina lije mwishoni, baada ya msikilizaji kutaka kulijua. Namba zipunguze: "dakika nane na sekunde tano" inasikika, "nane, sifuri tano, nukta nne" inapotea. Mfano:

"Mwaka sabini na nane, mwanafunzi Mkenya huko Marekani alivunja rekodi nne za dunia kwa siku themanini na moja. Mita elfu tano, Berkeley. Elfu tatu kuruka viunzi na maji, Seattle. Elfu kumi, Vienna. Elfu tatu, Oslo. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Olimpiki ilikuja mara mbili katika ubora wake, na mara mbili nchi yake haikwenda. Leo tunamuaga Henry Rono."

Soma kwa sauti, ukitembea. Ukikosa pumzi, sentensi ni ndefu.

11. Sema magumu yake, kwa kipimo.

Turudi kwenye swali la sauti ya chini. Jambo ambalo marehemu mwenyewe alilisema hadharani, lisemwe. Rono alizungumza wazi kuhusu ulevi wake. Kulificha ni kumnyang'anya sehemu ya maisha aliyoipigania. Jambo ambalo ni uvumi wa baa, liache baa. Ongea na familia kabla ya kurusha, ukiwaeleza utasema nini. Huwaombi kibali cha kila neno, unawaepusha tu na mshtuko. Lipe dakika tatu, lifuatwe na alichofanya baadaye, na kipindi kisiishie hapo.

12. Ukiwa hewani, chuja simu.

Awepo mtu wa kupokea simu nje ya studio na kuuliza: jina, unapiga kutoka wapi, ulimwona wapi akicheza? Mwenye jibu la swali la tatu aingie kwanza. Mwambie ana dakika moja na nusu.

Namba ya michango usiitaje mpaka umeithibitisha na mwenyekiti wa kamati pamoja na mtu mwingine wa familia. Matapeli hufungua namba za "kumchangia shujaa" kabla mwili haujafika mochwari. Mpigaji akianza kutaja namba hewani, mkate kwa upole na useme namba rasmi itasomwa mwishoni.

Mambo yakienda mrama

*Shahidi amelia, hawezi kuendelea.* Usimjazie maneno. Subiri sekunde tano, sema "Pole sana, Mama, pumzika kidogo, tutarudi kwako," kisha nenda kwenye sauti uliyoitayarisha. Kama ni rekodi, acha sekunde chache za kilio ukate. Kurefusha ni kufanya biashara.

*Hakuna sauti hata moja ya marehemu.* Tumia sauti za mashahidi tu na mazingira ya kijijini kwao. Unaweza pia kusoma ripoti ya gazeti la siku ile neno kwa neno, ukitaja gazeti na tarehe.

*Mashahidi wawili wanapingana kuhusu bao au mwaka.* Angalia karatasi yako ya ukweli. Kama haina jibu, wape wote wawili nafasi na useme kwamba wanakumbuka tofauti. Mabishano hayo ya wazee mara nyingi ndiyo sehemu tamu ya kipindi.

*Umekosea jina au medali hewani.* Sahihisha hapo hapo kwa sentensi moja na uendelee. Kisha sahihisha faili kabla ya kuiweka mtandaoni, la sivyo kosa litanukuliwa kwenye risala ya mazishi.

*Sauti ya matangani ina upepo na mvumo.* Kata masafa ya chini kwenye Audacity, chini ya hertzi 100 hivi. Kelele za jenereta hazitaisha zote. Mjulishe msikilizaji uko wapi, na sikio litasamehe. Safari nyingine funika kinasa sauti na soksi safi.

*Familia imekataa kila kitu.* Kipindi kinaweza kuendelea kwa rekodi za umma, wapinzani na wachezaji wenzake. Usitaje mahali msiba ulipo wala ratiba ya mazishi.

*Muda umebaki dakika saba na huna kitu.* Rudia lile tukio moja kutoka kwa shahidi wa pili. Usiongeze sifa.

*Baada ya kipindi unaulizwa nakala.* Hifadhi mahojiano yote mazima, yasiyokatwa, kwa faili za sauti za WAV, yakiwa na jina la msemaji, tarehe na mahali kwenye jina la faili. Mpe mtoto wa marehemu nakala kwenye flashi siku ya mazishi, na nyingine ibaki kituoni nje ya ile kompyuta ya studio ambayo kila mtu anafuta vitu vyake humo.